Kimya cha Mkutanoni Si Ridhaa

Yapo malalamiko mawili ambayo mtu yeyote aliyepata kushughulika na mambo ya Delta ya Rufiji ameyasikia mara nyingi. La kwanza hutoka maofisini. Husemwa kwamba watu wa visiwa vya delta, kuanzia Salale na Kiomboni kaskazini hadi Mbwera na Jaja kusini, ni watu wagumu: hulikubali jambo mkutanoni kwa kunyoosha mikono, na msimu ukifika wakatenda kinyume. La pili hutoka visiwani kwenyewe. Husemwa kwamba Serikali haisikilizi. Huja na neno lililokwisha kuamuliwa, ikaliita shauri. Malalamiko haya yana umri mkubwa kuliko wengi wa wale wanaoyatoa leo, na gazeti hili linaona kuwa yote mawili yana ukweli ndani yake. Twaona pia kuwa chanzo chake ni kimoja. Wanaokitafuta katika tabia ya Mrufiji au katika ubaya wa mtumishi wa Serikali watatafuta bure. Kimo katika namna nafsi ya binadamu inavyojihami pindi maisha yake yanapobadilishwa na mtu mwingine.

Tuutazame mkutano wenyewe. Ofisa anayekwenda visiwani hasafiri kwa saa ya ukutani. Husafiri kwa maji. Boti huingia vijitoni maji yanapojaa, na asiyetaka kukwama juu ya tope na mizizi ya mikoko hana budi kuondoka kabla maji hayajapwa. Kwa hiyo mkutano huwa na kipimo chake, na kipimo hicho hugawanywa kwa desturi ile ile: salamu, utambulisho wa msafara, hotuba, na mwisho kabisa, nahodha akiwa amekwisha kuanza kuutazama mto, maswali. Mzee mmoja husimama akashukuru. Mwingine huuliza habari za zahanati, ambazo hazihusiani na jambo lililoletwa. Kisha mikono hunyooshwa, muhtasari ukaandikwa kwamba wananchi wameafiki, na boti ikaondoka. Usiku ule ule, barazani na pwani penye madau, ndipo mkutano wa kweli hufanyika, na katika mkutano huo hakuna mwandishi wa muhtasari.

Waswahili huiita tabia hii kufunika kombe mwanaharamu apite. Ofisa akiijua huiita unafiki. Sisi twaona kwamba ndani yake kuna hesabu. Mtu mnyonge aliye mbele ya mwenye nguvu hupima gharama ya kusema hapana, na akiona kwamba hapana yake haitabadili neno lolote ila itamtia jina lake katika daftari la wakorofi, huona heri aseme ndiyo. Hesabu hiyo haifanywi Rufiji peke yake. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi, Solomon Asch, alifanya majaribio na vijana wa vyuo vya Marekani. Kijana mmoja aliketishwa kati ya wenzake ambao, bila yeye kujua, walikuwa wamepangwa waseme uongo. Walionyeshwa mistari wakaulizwa upi una urefu sawa na mwingine, swali ambalo hata mtoto angelijibu. Wenzake walipotoa jibu la makosa kwa sauti moja, karibu robo tatu ya waliopimwa walilifuata kosa hilo walau mara moja, ingawa macho yao yaliona vingine. Hao walikuwa watu wasio na cha kupoteza. Hapakuwa na shamba, wala nyumba, wala mgambo mlangoni. Lakini jambo lililotuvutia zaidi katika majaribio yale ni hili: alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, idadi ya waliofuata kosa ilianguka sana. Sauti moja iliwafungua wengine. Tunaliomba hilo likumbukwe, maana tutalirudia.

Imani za kisiasa za watu wa bonde hili hazikuota jana. Mwaka 1898 utawala wa Wajerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba, na katika mwaka huo huo misitu ya mikoko ya delta ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali yao kwa ajili ya biashara ya boriti. Mpwani aliyeona mgeni akija na daftari, akihesabu nyumba na kuhesabu miti, alijifunza upesi kwamba kinachohesabiwa leo hutozwa au hukatazwa kesho. Miaka saba baadaye, mwaka 1905, wakulima waliolazimishwa kulima pamba waliing'oa huko Nandete katika milima ya Umatumbi, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya dawa, alinyongwa na Wajerumani hapa hapa Mohoro, Agosti 1905. Kwa muda mrefu watu wa nje waliyacheka maji yale wakayaita ujinga wa washenzi. Wenye kuyachunguza kwa utulivu waliona jambo jingine. Makabila ambayo hayakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja yalihitaji kitu cha kumhakikishia kila mtu kwamba jirani yake naye atasimama, na maji yalifanya kazi hiyo. Hayakuzuia risasi, na waliokufa kwa vita na kwa njaa iliyofuata walikuwa makumi kwa makumi ya maelfu. Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba imani isiyo sahihi ni imani isiyo na sababu.

Kosa hilo hilo lilirudiwa na serikali yetu wenyewe, tena kwa nia njema, na hapa hatuna budi kukaa kidogo.

Mwaka 1968 Mto Rufiji ulifurika vibaya. Mwaka uliofuata, Azimio la Arusha likiwa na miaka miwili, Serikali iliwahamisha watu wa bondeni na kuwapeleka kwenye ardhi ya juu katika vijiji vya ujamaa. Uhamisho wa Rufiji ukawa miongoni mwa ile ya mwanzo kabisa kufanyika kwa wingi nchini. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzuri kusikika: usalama wa maisha, shule, maji safi, zahanati. Nani angepinga shule? Watu walihama. Lakini Mrufiji hakuwa na mazoea ya kuyaona mafuriko yote kuwa adui. Gharika ya mwaka kama ule ilikuwa msiba, ndiyo. Mafuriko ya kawaida yalikuwa mbolea. Maji yalipojitoa yaliacha tope jipya, na juu ya tope hilo watu walipanda mazao ya mlau bila jembe la trekta wala mbolea ya dukani. Wakati wa mazao walikaa madunguni, zile nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mashamba, wakafukuza ndege, nyani na nguruwe mwitu. Kule juu walikopelekwa ardhi ilikuwa ya kichanga. Mashamba yakabaki bondeni na walinzi wakawa mlimani, na nguruwe hawakuhudhuria mkutano wa kuhama.

Watu walifanya nini? Hawakuandamana, wala hawakukataa kwa maneno. Walijenga kijijini kama walivyoagizwa, kisha polepole wakarudi bondeni kwa msimu, wakajenga tena madungu, wengine wakakaa huko sehemu kubwa ya mwaka. Katika taarifa walikuwa wanakijiji. Katika maisha walikuwa wakulima wa mlau. Ofisa aliyefika kijijini akakuta milango imefungwa aliandika kwamba watu wa Rufiji ni wavivu na hawapendi maendeleo. Ukweli ni kwamba walikuwa kazini, saa kadhaa za mwendo kutoka pale aliposimama.

Tusimlaumu ofisa huyo kupita kiasi, maana naye alikuwa na mkutano wake wa kunyoosha mkono. Katika kijitabu cha Uhuru na Maendeleo cha mwaka 1968, Mwalimu Nyerere alikuwa ameeleza waziwazi kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza wenyewe, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kujengwa kwa mabavu. Kufikia Novemba 1973 ilikwisha kutangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri. Katibu wa tarafa aliyesoma maneno ya kwanza na kutakiwa kutekeleza ya pili alifanya nini? Alihesabu nyumba. Mkubwa wake alimwuliza idadi ya waliohamia. Hakumwuliza idadi ya walioridhika. Hivyo ndiyo ya mkulima ikapanda kwa mtendaji, ya mtendaji ikapanda wilayani, ya wilaya ikapanda mkoani, na kila ilipopanda ilizidi kuwa nzuri. Uongo wa namna hii hauna mwongo mmoja. Kila mmoja alimwambia aliye juu yake kile alichodhani anataka kusikia, na nchi ikapanga mipango juu ya idadi zilizotokana na woga. Mtaalamu Göran Hyden, katika kitabu chake cha mwaka 1980 juu ya ujamaa, alidai kwamba mkulima wa Tanzania alikuwa bado hajanaswa na dola. Hatukubaliani na kila alichoandika; twaona alisisitiza mno uwezo wa mkulima wa kujitenga na serikali na soko. Lakini kwamba kuinama na kuteleza ni siasa, kama ilivyo siasa kusimama na kupinga, hilo bonde letu linalithibitisha.

Iko siku moja watu wa delta walijaribu njia ya pili. Mwaka 1997 Serikali ilikubali mradi mkubwa wa kampuni moja ya kufuga kamba katika delta, uliokusudiwa kuenea karibu hekta 10,000, ingawa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilikuwa limeshauri ukataliwe. Mara hii kimya kilivunjika. Wako waliouunga mkono kwa matumaini ya ajira na barabara, na wako walioupinga kwa hofu ya kupoteza mashamba na mazalia ya samaki. Ndugu walitofautiana. Waliopinga wakaenda Mahakama Kuu wakisaidiwa na mawakili wa mazingira, na mwishowe mradi haukutekelezwa. Hatusemi hapa kwamba kila aliyeunga mkono alikosea. Mtu asiye na ajira haulizwi kwa nini ametamani ajira. Tunachosema ni kwamba mabishano yale, pamoja na uchungu wake, yaliwafanya watu waseme wanachokiamini mbele ya wenzao na mbele ya dola, na dola haikuanguka. Maofisa walijua nani anataka nini na kwa sababu gani, elimu ambayo mikono yote iliyonyooshwa mwaka 1969 haikuwapa.

Kwa bahati mbaya, miaka ya karibuni imekifanya kimya kuwa kizito zaidi. Kati ya mwaka 2015 na 2017 wauaji wa kuvizia waliwaua viongozi wa vijiji na vitongoji, askari na raia katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Mwananchi wa wakati ule alikuwa na hofu mbili kwa pamoja. Aliogopa kuonekana akizungumza na ofisa, na aliogopa kuonekana hazungumzi naye. Wapo waliotoweka ambao jamaa zao bado wanauliza. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyeandika habari za mauaji yale, alichukuliwa na watu wasiojulikana Novemba 2017 na hajaonekana tena. Baada ya mambo hayo, ofisa anayeshangaa kwa nini watu hawafungui vinywa vyao hadharani angejiuliza kwanza yeye mwenyewe angefungua chake namna gani.

Kisha ikaja Aprili 2024. Mvua zilinyesha kupita kiasi, Rufiji na Kibiti zikafurika, nyumba na mashamba yakamezwa na maji. Juu ya mto, Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilikuwa limeanza kutoa umeme miezi michache kabla. Wananchi wengi walisema maji ni ya bwawa. Serikali ilijibu kwamba bwawa limezuia maji mengi na kwamba bila bwawa gharika ingalikuwa kubwa zaidi. Waliosikia jibu hilo wakiwa juu ya mapaa hawakushawishika. Je, ni ukaidi? Nafsi ya mtu aliyepoteza mali hutafuta mkono uliotenda, maana msiba wenye mwenyewe huonekana afadhali kuliko msiba usio na maana. Na mtu aliyekwisha kuhamishwa kwa sababu ya mafuriko, akaambiwa mikoko yake ni ya serikali, akaletewa mradi wa kamba uliokwisha kupitishwa, anao mkono wa kuufikiria kabla hajaanza kutafuta. Takwimu za wahandisi huenda ni sahihi kabisa. Zilichelewa kufika, tena zililetwa na vinywa ambavyo watu hawakuwa wamezoea kuviamini. Tetesi ni habari inayojaza nafasi iliyoachwa na mwenye habari.

Kwa nini tunayasema haya sasa? Kwa sababu jambo kubwa linakuja delta, nalo limekwisha kuanza kuja. Misitu ya mikoko ya Rufiji, hekta zipatazo 53,000, ni hifadhi ya serikali kisheria. Ndani yake wamo watu wanaolima mpunga, hasa upande wa kaskazini, na katika vijiji vyao mna shule na ofisi za serikali. Sheria husema hawapaswi kulima pale. Bendera iliyo mbele ya shule husema wapo kihalali. Mtu anayeishi kati ya kauli mbili za dola moja hujifunza kuitazama kila barua kama notisi ya kuondoka. Ofisa wa misitu humwona mvamizi, na hana hoja dhaifu: mkoko uliokatwa hupandwa mpunga miaka michache, kisha magugu na kaa huzidi, shamba huachwa, na mkulima husogea mbele akakata mingine. Mkulima naye hujibu kwamba babu yake alilima, na kwamba mto wenyewe ulihamia upande wake ukaleta maji matamu. Sasa, baada ya kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, mti uliosimama umekuwa mali ya namna mpya, na watu watakuja na daftari kuhesabu mikoko tena. Wakiambiwa visiwani kwamba safari hii hesabu ni kwa manufaa yao, je, watanyoosha mikono? Watanyoosha. Hapo ndipo tunapoogopa.

Tunamwomba Mkuu wa Wilaya ya Kibiti na wakuu wa misitu waache kuuhesabu mkono ulionyooshwa kuwa ushahidi wa makubaliano kwa jambo lolote linalogusa shamba au makao ya mtu. Boti ilale kijijini. Mkutano ufanywe kwa siku mbili, hoja ielezwe siku ya kwanza na jibu litolewe ya pili, ili mkutano wa barazani upate nafasi ya kufika kwenye muhtasari. Wanawake, ambao ndio wenye kupanda na kuvuna mpunga huo, waulizwe peke yao na ofisa mwanamke, maana mbele ya waume zao na wazee wao nao wana hesabu yao ya kimya. Na aliyepinga aandikwe katika muhtasari pamoja na sababu zake, kisha aachwe alale nyumbani kwake kwa amani. Kijiji kikiona mtu wa kwanza amesema hapana na hakufikwa na jambo, wa pili na wa tatu watajitokeza, na ofisa atapata kujua ukweli kwa gharama ya usiku mmoja wa mbu.

Wananchi wa visiwani nao tunawaambia kwa heshima yote kwamba ndiyo ya uongo imewagharimu. Mzee aliyeafiki kuhama mwaka 1969 hali moyoni amekataa alimpa ofisa karatasi ya kumtetea ofisa, na hakujiachia yeye mwenyewe hata mstari mmoja wa kumtetea. Walioshtaki katika suala la kamba walikuwa na la kuonyesha hakimu kwa sababu walikuwa wamekataa wazi. Kama mpunga wa mikokoni ni haki yenu, isemeni haki hiyo mkutanoni, kwa majina ya vijito na kwa miaka mliyolima. Na kama mnajua kwamba sehemu fulani ya msitu inakatwa na wageni wanaosafirisha boriti usiku, lisemeni hilo pia. Mtu anayeficha yote hawezi kulalamika kwamba hakuulizwa juu ya nusu.

Kuhusu mafuriko, lipo la kufanywa kabla ya masika kuanza. Wenye kuliendesha bwawa wapeleke watu wao delta kueleza maji hufunguliwa lini, nani huamua, na huchukua siku ngapi kufika Salale. Wachaguliwe katika kila kijiji watu wawili ambao wanakijiji wenyewe wanawaamini, awe imamu, mwalimu, nahodha au mkunga, nao wapewe namba ya simu ya kupokea taarifa hiyo moja kwa moja kutoka bwawani. Tangazo libandikwe gatini Nyamisati, lisomwe misikitini baada ya sala, na liwe na tarehe na saa.